Mageuko ya kromosomu za jinsia za ndege

Kromosomu za jinsia za ndege ni jozi iitwayo Z na W, ambayo ndiyo inayoamua kama kiinitete kitakuwa dume au jike. Dume ana Z mbili, jike ana Z moja na W moja. Kwa binadamu na karibu mamalia wote ni kinyume chake: mwenye kromosomu mbili zisizofanana ni dume, yaani XY. Jogoo hana cha kuchagua, kwa kuwa kila mbegu yake hubeba Z. Turufu iko kwa mama. Yai likibaki na Z huanguliwa jogoo, likibaki na W huanguliwa tetea. Kila spishi ya ndege iliyochunguzwa, kuanzia mbuni hadi mbayuwayu, hufuata utaratibu huu.

Kwa muda mrefu vitabu vimeieleza W kuwa ni Y ya ndege: kromosomu iliyochakaa, iliyopoteza jeni karibu zote na kubaki alama tu ya jinsia. Ulinganisho huo unasaidia mwanzoni, kisha unapotosha. W ina historia yake. Haikuchakaa kwa kasi moja katika ndege wote, na kile ilichobaki nacho si masazo ya bahati.

Dalili za kwanza

Wafugaji waligundua athari za kromosomu hizi kabla wataalamu hawajaweza kuziona vizuri. Mwaka 1908, Florence Durham na Dorothy Marryat wa Cambridge, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuzalisha chiriku wa kufugwa aina ya kanari, wengine wakiwa na rangi ya mdalasini na macho mekundu. Dume wa mdalasini akipandana na jike wa kijani, mabinti wote walitoka wa mdalasini na wana wa kiume wote wa kijani. Jike wa mdalasini akipandana na dume wa kijani, watoto wote walikuwa wa kijani. Sababu ni kwamba jike humpa Z yake mwana wa kiume peke yake, na binti hupata Z yake kutoka kwa baba tu. Sifa iliyoandikwa kwenye Z kwa hiyo hutoka kwa baba kwenda kwa binti bila mama kuweza kuifunika.

Kanuni hiyo hiyo inatumika leo katika biashara ya vifaranga. Kuku wengi wa mayai wa rangi ya kahawia, wanaouzwa Afrika Mashariki wakiwa vifaranga wa siku moja, huzalishwa kwa kupandisha jogoo mwenye asili ya wekundu na tetea mwenye asili ya weupe. Jeni ya rangi hiyo ipo kwenye Z. Vifaranga wa kiume huanguliwa wakiwa na manyoya ya weupe au unjano, wa kike wakiwa na wekundu au kahawia. Wafanyakazi wa kiangulio huwatenganisha kwa kuwatazama tu.

Kuziona kromosomu zenyewe kulichukua muda zaidi. Kuku ana kromosomu 78, na nyingi kati yake ni ndogo mno hata kwa darubini nzuri. Z ni kubwa na hutambulika kwa urahisi. W ya kuku ni ndogo na imejaa vipande vya DNA vinavyojirudia. Jenomu ya kuku ilipochapishwa mwaka 2004, ikiwa ya kwanza kwa ndege yeyote, W ilikuwa bado vipande vipande. Mpangilio wake wa kuaminika ulipatikana mwaka 2017. Ulipokamilika ulionyesha jeni chini ya 30 za asili, wakati Z ina jeni zipatazo 1,000.

Zilikotoka

Mwaka 1967, Susumu Ohno, mtaalamu wa jenetiki mzaliwa wa Korea mwenye asili ya Kijapani aliyefanya kazi Marekani, alitoa kitabu kilichoweka msingi wa fani hii. Alieleza kwamba kromosomu za jinsia huanza zikiwa jozi ya kawaida, mbili zinazofanana kabisa. Mojawapo hupata jeni inayoelekeza jinsia, kisha mbili hizo huanza kutengana. Ndege wamemthibitisha kwa namna nzuri: jeni chache zilizobaki kwenye W zina ndugu zao kwenye Z, na ukizilinganisha unaona zilitoka kwa babu mmoja.

Lakini babu huyo si babu wa X na Y zetu. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba sehemu kubwa ya Z ya kuku inalingana na kromosomu namba 9 ya binadamu, ambayo kwetu haihusiki na kugawa jinsia. Vipande vingine vya Z vipo kwenye kromosomu yetu namba 5. Jeni za X yetu, kwa upande wake, kwa kuku zimetawanyika kwenye kromosomu za kawaida. Ukoo wa ndege na ukoo wa mamalia ulitengana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, na kila upande ulitengeneza kromosomu zake za jinsia kwa kutumia malighafi tofauti. Kinyamadege wa Australia, mamalia anayetaga mayai, analeta mshangao hapa: dume wake ana X tano na Y tano, na baadhi ya X hizo zina jeni zile zile zilizo kwenye Z ya ndege.

Mamba ndio jamaa wa karibu zaidi wa ndege walio hai, nao hawana kromosomu za jinsia hata kidogo. Kwa mamba wa Mto Nile, wakiwemo wale wa Ziwa Turkana na Mto Rufiji, jinsia huamuliwa na joto la kiota. Kwa hiyo Z na W zilizaliwa upande wa ndege, baada ya koo hizo mbili kutengana na kabla ya mbuni na kuku kuachana, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Nyoka pia wana Z na W, na zamani ilidhaniwa ni zile zile za ndege. Utafiti wa mwaka 2006 ulionyesha sivyo: zilitokana na jozi nyingine kabisa. Vipepeo nao majike wao ni ZW, kwa njia yao wenyewe.

Jeni inayoamua

Kwa mamalia wengi, jeni ya SRY iliyo kwenye Y hukifanya kiinitete kiwe dume. Ilitarajiwa kwamba W nayo ingekuwa na jeni ya kutengeneza jike. Haikuonekana. Kilichoonekana ni jeni ya DMRT1 kwenye Z, na kinachohesabika ni idadi ya nakala zake. Nakala mbili huleta korodani, nakala moja huleta ovari.

Mwaka 2009 Craig Smith na wenzake nchini Australia walipunguza nguvu ya DMRT1 katika viinitete vya ZZ, na tezi za uzazi zikaanza kuelekea ukike. Ushahidi mzito zaidi ulichapishwa mwaka 2021 na watafiti wa Taasisi ya Roslin, Scotland. Walihariri jeni na kuharibu nakala moja tu ya DMRT1 ya kuku wa ZZ, na kuku hao wakaota ovari. Miili yao, hata hivyo, ilibaki na ukubwa na upanga wa jogoo.

Jambo hilo la mwisho lina mizizi katika kazi ya awali ya Roslin, ya mwaka 2010, iliyochunguza kuku wa nadra ambao upande mmoja wa mwili ni jogoo na mwingine ni tetea: upande mmoja upanga mkubwa na kifua kinene, upande wa pili umbo dogo la tetea. Homoni za damu zilikuwa zile zile pande zote mbili. Ilibainika kwamba upande wa kiume ulijaa seli za ZZ na wa kike seli za ZW, na kila seli ilifuata kromosomu zake. Kwa mamalia, homoni za tezi za uzazi hutawala karibu mwili mzima. Kwa ndege, kila seli ina kauli yake.

Z haiwezi kukosekana. Katika kituo cha utafiti cha Beltsville, Marekani, miaka ya 1950, baadhi ya mayai ya bata mzinga yasiyorutubishwa yalianza kukua yenyewe, na vifaranga walioishi walikuwa madume peke yao. Yai la namna hiyo hurudufu kromosomu zake. Likiwa na Z huwa ZZ. Likiwa na W huwa WW na hufa, kwa sababu limekosa jeni zote za Z. Mwaka 2021 iliripotiwa kwamba kondori wawili wa California walizaliwa bila baba. Nao walikuwa madume.

Namna W ilivyopungua

Kromosomu za jozi moja kwa kawaida hubadilishana vipande wakati yai au mbegu inapotengenezwa, na mabadilishano hayo ndiyo yanayowezesha kosa lililo upande mmoja kuondolewa kizazi kinachofuata. Z hupata nafasi hiyo ndani ya dume, ambamo zipo mbili. W haikutani na W mwenzake kamwe. Iko kama kitabu kinachonakiliwa kwa mkono kizazi baada ya kizazi pasipo nakala ya pili ya kusahihishia. Makosa hujikusanya, jeni moja baada ya nyingine hunyamaza, na DNA isiyo na kazi hujaa mahali pake.

Mabadilishano kati ya Z na W hayakusimama siku moja. Yalisimama kwa awamu, pengine kila mara kipande cha kromosomu kilipogeuzwa kichwa chini miguu juu na kushindwa kulingana na mwenzake. Kila awamu iliacha tabaka. Tabaka la kwanza, lenye DMRT1 ndani yake, ni la ndege wote. Baada ya hapo koo zilitengana, na kila ukoo uliendelea kwa mwendo wake. Uchambuzi mkubwa wa jenomu za ndege uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba jamaa ya kuku na bata, na ile ya ndege wengine wa kisasa, kila moja ilijiongezea matabaka yake kivyake.

Mbuni ndiye anayefundisha zaidi. Yeye, pamoja na emu wa Australia, walisimama karibu na tabaka la kwanza. Takriban theluthi mbili ya Z ya mbuni bado inabadilishana vipande na W, na chini ya darubini kromosomu hizo mbili zinakaribiana ukubwa. Mbuni wa Serengeti na yule wa Kisomali wa kaskazini mwa Kenya wanabeba hali ambayo kuku aliiacha zamani sana. Tinamu wa Amerika Kusini, jamaa wa mbuni anayeweza kuruka, yuko kati: W ya baadhi yao imechakaa zaidi ya ya mbuni, lakini haijafikia ya kuku.

Kwa nini mbuni na emu walitulia hivyo? Maelezo ya zamani yalisema tu kwamba mageuko yao ni ya polepole. Maelezo hayo hayatoshi, kwani tinamu ni wa ukoo huo huo. Pendekezo lenye uzito zaidi ni kwamba mgongano kati ya kinachomfaa dume na kinachomfaa jike unaweza kumalizwa bila kufunga mabadilishano, kwa jeni ile ile kufanya kazi kwa nguvu tofauti katika kila jinsia. Kwa emu, jeni nyingi za eneo hilo linalobadilishana hufanya kazi zaidi ndani ya dume, na hilo linaunga mkono pendekezo hilo.

Tofauti hii kati ya mbuni na ndege wengine huonekana hata maabara. Kasuku wa kijivu wa Kongo, kama ndege wengi, dume na jike hawatofautiki kwa macho. Tangu miaka ya 1990 jinsia hutambuliwa kwa unyoya au tone la damu kupitia jeni ya CHD1, ambayo ipo kwenye Z na kwenye W ikiwa na urefu tofauti: dume huonyesha mstari mmoja, jike kwa kawaida miwili. Mbuni hatambuliki kwa njia hiyo. Kwake CHD1 imo katika eneo ambalo Z na W bado zinafanana, hivyo mfugaji wa mbuni huhitaji kipimo kingine.

W si Y

Y ya mamalia huishi ndani ya madume maisha yake yote. Hupitia korodani kila kizazi, na huko seli hugawanyika mara nyingi mno ili kutengeneza mbegu. Kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa jipya. Y pia imejiongezea nakala nyingi za jeni za kutengeneza mbegu. W haipiti korodani hata mara moja. Inaishi katika ovari, ambamo migawanyiko ni michache, na hivyo hubadilika polepole kuliko Z. Z ndiyo inayotumia theluthi mbili ya muda wake ndani ya madume, na kwa kuku ndiyo iliyopata mrundikano wa jeni zinazofanya kazi kwenye korodani, kwenye ncha yake moja. Anayetafuta kwa ndege ile tabia ya Y ya kukusanya jeni za kiume ataikuta kwenye Z.

Jeni zilizosalia kwenye W nazo zina mantiki. Watafiti Daniel Bellott, David Page na wenzao walionyesha mwaka 2017 kwamba nyingi ni jeni ambazo nakala moja haitoshi kuendesha mwili, hasa zile zinazosimamia kazi za jeni nyingine. Jike anazihitaji ili aishi. Hazikuhifadhiwa kwa ajili ya ovari. Ni mwili mzima uliozing'ang'ania.

W pia husafiri pamoja na mitokondria, vile vijisehemu vya seli vyenye DNA yao wenyewe, kwa kuwa zote hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Mlembe mkubwa, yule ndege anayewaongoza Wahadza na Wayao kwenye mizinga ya nyuki wa porini, anaonyesha uzito wa njia hiyo. Mlembe hutaga kwenye viota vya ndege wengine. Mwaka 2011 Claire Spottiswoode na wenzake, wakifanya kazi eneo la Choma, Zambia, walieleza kwamba majike wamegawanyika katika koo mbili za kimama: moja hutaga kwa ndege wa mashimo ya ardhini, kama wala-nyuki wadogo, na nyingine kwa ndege wa mashimo ya miti, kama hudihudi. Mayai ya kila ukoo yanafanana kwa ukubwa na umbo na ya wenyeji wake. Mitokondria za koo hizo zimetengana kwa mamilioni ya miaka, ilhali DNA nyingine imechanganyika, kwa kuwa madume hupandana na majike wa koo zote mbili. Sifa ya yai inayopita kwa mama pekee inahitaji mbebaji anayepita kwa mama pekee, na W ndiyo inayofaa. Mtaalamu wa jenetiki R. C. Punnett aliwaza hivyo tangu mwaka 1933 kuhusu kekeo wa Ulaya, ambaye naye hutaga kwenye viota vya ndege wengine.

Pamoja na hayo yote W ina madhara. Imekuwa maficho ya mabaki ya virusi vya kale vilivyojiingiza kwenye DNA, kwa sababu pasipo mabadilishano ni vigumu kuvisafisha. Jike hubeba mzigo huo na dume haubebi.

Tatizo la kipimo

Jeni nyingi zikipotea kwenye W, jike hubaki na nakala moja ya Z na dume mbili. Mamalia walimaliza tatizo kama hilo kwa kunyamazisha karibu X moja nzima katika kila seli ya jike. Ndege hawakufanya hivyo. Mwaka 2007 tafiti mbili zilionyesha kwamba jeni nyingi za Z hufanya kazi kwa nguvu zaidi kwa dume. Usawazishaji upo, lakini ni wa jeni moja moja. Sehemu ya utaratibu huo ilifichuliwa mwaka 2025: Z inabeba RNA ndogo iitwayo miR-2954, ambayo hufanya kazi kwa wingi katika madume na kupunguza nguvu ya jeni za Z zisizovumilia kuzidi. Watafiti walipoiondoa kwa kuku, viinitete vya kiume vilikufa mapema, na vya kike vikaendelea kuishi. Inaelekea kwamba W ilipopoteza jeni hizo, nakala ya Z iliongezewa nguvu ili kumwokoa jike, na ndipo dume akahitaji breki.

Kromosomu mpya juu ya zile za zamani

Mchakato huu haukuisha. Katika kundi kubwa la ndege waimbao linalojumuisha shore, mbayuwayu, kipozamataza na ndege wadogo wa matete, kipande cha kromosomu ya kawaida kiliungana na zile za jinsia mamilioni ya miaka iliyopita. Kipande hicho kilikoma kubadilishana, na upande wa W ukaanza kuchakaa upya, huku wa zamani ukiwa umeshamaliza safari hiyo. Vipozamataza wameongeza vipande vingine zaidi, na kromosomu zao za jinsia ni miongoni mwa kubwa kabisa zinazojulikana kwa ndege. Kasuku nao wana miunganiko yao, tofauti na hiyo.

Ndege wa matete wa Shelisheli, Acrocephalus sechellensis, yumo katika kundi hili, na kwake uwezo wa jike juu ya jinsia umepimwa porini. Jan Komdeur na wenzake walichapisha mwaka 1997 matokeo kutoka kisiwa cha Cousin. Mabinti hubaki nyumbani kusaidia kulea, jambo lenye faida panapokuwa na wadudu wa kutosha na lenye hasara panapokuwa na uhaba. Jozi zilizokaa kwenye maeneo duni zilipata wana wa kiume asilimia 77. Kwenye maeneo mazuri walikuwa asilimia 13 tu.

Kwa uhifadhi, miunganiko hii ina matokeo ya kivitendo. Kipozamataza wa Raso kwa muda mrefu aliishi kwenye kisiwa kimoja kidogo tu cha Kepuvede, na idadi yake imewahi kushuka hadi ndege wachache sana. Jenomu yake ilipochunguzwa, majike walionekana kuwa na utofauti mkubwa wa kijeni kuliko madume. Sehemu kubwa ya utofauti huo ilikuwa ni tofauti kati ya Z na W zilizopanuka, wala haikuwa ishara ya afya ya kundi. Anayepima hatari ya kutoweka kwa ndege wa jamii hiyo hulazimika kuziondoa kromosomu hizo kwenye hesabu kwanza.